Wanafunzi wa chuo na vijana wa kijiji wakifunga sola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kila likizo ndefu inapokaribia. Yanatoka kwa wanafunzi wanaotaka kujiunga, vijana wa vijijini, watendaji, wazazi, na mara nyingine wahadhiri wenye mashaka yao. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu kwa mdomo. Tunafanyia kazi Tanzania Bara, kwa hiyo mifano mingi ni ya huko. Kenya na Zanzibar tumezigusa pale walipotutangulia.

Hasa hasa mnafanya nini?

Wanafunzi wa vyuo hukaa kijijini wiki kadhaa za likizo na kufunga mifumo midogo ya sola pamoja na vijana waliochaguliwa na kijiji chenyewe. Tunafungia zahanati, madarasa, nyumba za walimu, ofisi ya kijiji. Ukubwa ni kuanzia wati 100 hadi kilowati moja au mbili. Hatujengi gridi ndogo ya kijiji kizima. Hiyo inahitaji fedha na wataalamu wa kiwango kingine kabisa.

Kuna sharti moja ambalo hatulilegezi: bisibisi inashikwa na kijana wa kijiji. Mwanafunzi anapiga hesabu, anaeleza, anashika ngazi. Wapo wanafunzi wanaonuna wakiambiwa hivyo, maana wametoka chuoni na hamu ya kupanda juu ya bati. Lakini mwanafunzi ataondoka Septemba, na fyuzi itaungua Novemba.

REA imeshafika kila kijiji. Sola ya nini tena?

Swali zuri, na wazee huliuliza mapema kuliko vijana. Serikali, kupitia REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Ila kijiji ni kimoja na vitongoji vyake ni vingi. Bara nzima ina vitongoji zaidi ya 64,000, na nguzo zikifika senta ya kijiji haina maana zimefika kitongoji kilicho ng'ambo ya mto. Shule shikizi na nyumba za walimu mara nyingi ziko huko huko ng'ambo.

Tukifika mahali tukakuta nguzo iko jirani, tunawaambia wenyeji waunganishwe. Gharama ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na hakuna sola ya maana utakayoipata kwa bei hiyo. Hata hivyo zahanati yenye umeme wa gridi bado inaweza kuhitaji taa mbili tatu za sola chumba cha kujifungulia, kwa ajili ya usiku ambao umeme umekatika na mama yuko kitandani. Hilo huwa halina mjadala.

Wazo hili ni lenu?

Hapana, na tungependa kila anayejiunga alijue hilo kabla hajaanza kujipiga picha.

Mwaka 1984, katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, Meru, nchini Kenya, mwalimu wa kujitolea Mmarekani aitwaye Mark Hankins na mhandisi Harold Burris walifunga taa za sola shuleni. Shule ilikuwa ikifikiria jenereta ya dizeli. Jambo lililobaki na uzito katika habari hiyo ni mafundi zaidi ya taa: vijana wa pale walifundishwa kwa kufanya, na biashara ya sola ya majumbani nchini Kenya ilikua kwa mafundi wa namna hiyo, wanaotoka nyumba moja kwenda nyingine.

Kwa upande wa vyuo, mfano unaotufaa zaidi ni Kitonyoni, kaunti ya Makueni. Mwaka 2012 mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza ulijenga pale mtambo wa kilowati 13.5 katikati ya soko la kijiji. Paneli zenyewe ndizo paa, na paa hilo linakinga maji ya mvua. Uendeshaji ulikabidhiwa kwa ushirika wa wanakijiji, wanaouza umeme kwa maduka na kuchaji vifaa. Chuo kilileta hesabu, kijiji kikashika daftari la mapato.

Na kwa wanaodhani sola ni ya wasomi, waende Kinyasini, Unguja. Barefoot College, taasisi iliyozaliwa Tilonia, India, mwaka 1972, ilifungua kituo hapo mwaka 2015. Inafundisha akina mama wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakusoma au waliishia madarasa ya mwanzo, kwa miezi kadhaa, hadi wanaweza kufunga na kutengeneza taa za sola wenyewe. Wanajifunza kwa macho, kwa mikono na kwa rangi za nyaya.

Basi kijana wa kijiji lazima awe amemaliza kidato cha nne?

Si lazima. Anatakiwa ajue kusoma namba zenye nukta, kwa sababu 12.1 na 12.7 ni habari mbili tofauti kabisa kwa betri. Asiogope kupanda. Na awe mtu ambaye kijiji kingemwachia funguo.

Mafundi wazuri tuliowapata walikuwa tayari wanatengeneza kitu: mmoja redio, mwingine pikipiki, mwingine cherehani za watu. Mkono uliozoea kufungua kitu na kukirudisha kama kilivyokuwa unajifunza haraka kuliko kichwa chenye cheti. Tunaomba kijiji kilete vijana wanne hadi sita kwa kila sehemu ya kazi, na angalau nusu wawe wasichana.

Hilo la wasichana ni kwa ajili ya wafadhili?

Tunaulizwa hivi hivi, tena hadharani mkutanini. Ukweli ni kwamba wasichana na akina mama vijana huondoka kijijini kwa nadra kuliko wavulana, na ndio wanaokuwepo karibu na zahanati na shule mchana. Fundi aliyepo ni bora kuliko fundi hodari aliyeko Kariakoo.

Kwa wazazi: bintiyo akipanda juu ya paa anafungwa kamba ya usalama, anavaa suruali chini ya kanga kama kijiji kinapenda hivyo, na hakuna kazi ya usiku. Wanafunzi wa kike wanalala nyumbani kwa mwalimu wa kike au muuguzi, kwa makubaliano na uongozi. Mzazi akitaka kuja kukaa mkekani kutazama kazi, karibu. Wengi huja siku ya kwanza, wachache siku ya pili.

Tunataka mje kijijini kwetu. Tunaanzia wapi?

Msianzie kwetu. Anzieni kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, waipeleke hoja kwenye halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Tunahitaji muhtasari wa mkutano huo, wenye mambo matatu: majengo yatakayofungwa, majina ya vijana, na nani atatunza fedha za matengenezo. Kwa zahanati na shule mtahitaji pia ridhaa ya halmashauri ya wilaya, kwa kuwa majengo ni yake.

Mjiandae na swali moja litakaloulizwa na mzee wa nyuma kabisa, baada ya salamu zote: "Hii ni ya chama gani?" Jibuni mapema kwamba si ya chama chochote. Na mwanasiasa akitaka kuja kukata utepe, aje, lakini paneli hazibandikwi picha ya mtu. Tunasema hivi kwa heshima zote. Kitu kikishapewa sura ya mtu, wasiompenda mtu huyo hawatakitunza.

Mnakuja miezi gani?

Julai hadi Oktoba. Vyuo vimefunga, sehemu nyingi zimeshavuna, na mvua za vuli bado hazijakolea. Masika hatupandi bati, na barabara nyingi tunazozitumia nazo hazipitiki.

Mnajuaje ukubwa wa mfumo?

Kwa kuuliza, kisha kuhesabu. Tukichukua zahanati ndogo kama mfano, hesabu inakwenda hivi.

Taa 8 za LED za wati 7, zinazowaka saa 5 kwa usiku: 8 mara 7 mara 5 ni wati-saa 280. Simu 6 za wafanyakazi, kila moja ikila takribani wati-saa 10: jumla 60. Matumizi ya siku ni wati-saa 340.

Umeme hupotea njiani, kwenye betri, kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri), kwenye vumbi la paneli. Kwa hiyo tunagawa kwa 0.7 na kupata kama 486. Jua la Tanzania hutoa kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tukichukua saa 5 za jua kamili, 486 gawanya kwa 5 ni wati 97. Hapo mwanafunzi wa mwaka wa pili atasema paneli ya wati 100 inatosha. Inatosha Agosti. Aprili, mawingu yakikaa siku nne, haitoshi. Tunafunga 150.

Betri: tunataka siku mbili bila jua, yaani wati-saa 680. Betri ya risasi (ile ya kawaida yenye tindikali) haipaswi kushuka chini ya nusu, hivyo tunahitaji mara mbili yake, 1,360. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea-saa (Ah) 113. Hiyo ni N120, yaani betri ya Ah 120.

Hesabu yote inaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na tunaifanya na vijana, si mbele yao. Kijana akishaielewa ndipo ataweza kumkatalia mganga wa zahanati anayetaka kuongeza pasi ya umeme.

Kwa nini taa za mwisho huwa hafifu hata betri ikiwa imejaa?

Waya mwembamba. Kwenye volti 12 hili ndilo kosa linaloongoza vijijini, na linatokana na mafundi waliozoea umeme wa TANESCO wa volti 230, ambako waya wa taa wa milimita 1.5 unatosha. Taa zetu 8 kwa pamoja zinavuta karibu ampea 4.7. Ukizipeleka umbali wa mita 15 kwa waya huo, unapoteza karibu volti 1.7 njiani. Ukitumia waya wa milimita 6, unapoteza kama 0.4. Waya mnene ni ghali, na ndipo watu wanapobania. Ni afadhali kupunguza taa mbili.

Betri gani?

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu katika ukurasa huu, soma hili. Mifumo iliyokufa tunayoikuta vijijini, paneli huwa nzima. Iko juu pale, inapigwa na jua, inatoa umeme usiokwenda popote. Chini yake kuna betri iliyokufa.

Betri ya gari usiiguse kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya polepole kila usiku inakufa mapema. Betri ya risasi ya sola inavumilia zaidi, ikitunzwa. Kama ni ya kuongeza maji, inaongezwa maji ya betri yanayouzwa dukani, si ya bomba wala ya kisima, na sahani za ndani zisiachwe wazi hata siku moja.

Betri za lithiamu zimeshuka bei na sasa ndizo tunazozipendelea bajeti ikiruhusu. Unaweza kutumia asilimia 80 ya uwezo wake bila kuiumiza, inadumu miaka mingi zaidi, na ni nyepesi kubeba kwa bodaboda. Kwa mfano wetu wa zahanati, lithiamu ya Ah 100 inazidi mahitaji. Ila kontrola iwe na mpangilio wa lithiamu. Na vijana wasiipime kwa jedwali la betri ya risasi: volti za lithiamu hubaki karibu pale pale kwa muda mrefu kisha huanguka ghafla. Fundi aliyezoea risasi ataona 13.0 na kudhani imejaa wakati imeshatumika zaidi ya nusu.

Joto ni adui wa zote. Kwa betri ya risasi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Usiiweke chini ya bati uchi au kwenye stoo isiyo na dirisha. Hewa ipite pia kwa sababu nyingine: betri ya risasi ikichaji hutoa gesi inayowaka. Hakuna sigara wala kibatari karibu.

Jumatatu ya fundi inakwenda hivi. Anafika kabla jua halijapanda, anazima taa zote na kusubiri kidogo. Anafungua sanduku, anapuliza vumbi, anaangalia kama sisimizi wameanza kujenga ndani ya kontrola. Wanapenda joto lake. Anafuta unga mweupe kwenye vichwa vya betri kwa kitambaa chenye maji ya magadi, anakausha, anapaka grisi. Anaweka ncha za mita ya kupimia umeme, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Betri ya risasi iliyopumzika ikisoma 12.7, imejaa. Ikisoma 12.1, imefika nusu, na jioni taa zinapunguzwa. Anaandika tarehe, namba, na jina lake. Dakika kumi zimeisha. Daftari la namna hiyo likisomwa baada ya miezi sita linamweleza mtu yeyote lini betri ilianza kuchoka na nani alikuwa zamu.

Paneli zielekee wapi?

Tanzania iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kaskazini. Picha nyingi za mafunzo mtandaoni zimetoka Ulaya na zinaonyesha kusini, msizifuate. Mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, zaidi ili mvua ioshe vumbi. Ila kivuli ni kibaya kuliko mwelekeo. Tawi moja la mwembe likifunika kipande kidogo cha paneli linaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wake, na mwembe unakua. Kata tawi kabla hujafunga, kwa ruhusa ya mwenye mti.

Tutajuaje kifaa feki?

Mita na mikono. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12, saa sita mchana jua likiwa wazi, bila kuunganishwa na kitu, inasoma karibu volti 21 au 22. Lakini volti pekee hudanganya, hata paneli dhaifu hutoa volti. Pima pia ampea zake: ya wati 100 inatakiwa ikaribie 5.5 hadi 6. Ikitoa 3, hiyo ni ya wati 50 iliyobandikwa lebo ya nduguye.

Betri ya risasi ya Ah 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ukiletewa "N200" ambayo mtoto wa darasa la saba anaibeba kwa mkono mmoja, irudishe dukani. Ndiyo maana tunawapeleka vijana wawili wa kijiji sokoni pamoja na mita yao, na muuzaji aliyekataza bidhaa yake kupimwa ameshajibu swali lenu.

Sheria inaruhusu wanafunzi kufunga umeme?

Kwa Tanzania, ufungaji wa umeme unasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na anayewajibika awe na leseni. Kwa hiyo kila kazi yetu ina fundi mwenye leseni anayesimamia, kukagua na kutia saini. Wanafunzi na vijana wanafanya kazi chini yake. Wahadhiri wanaotuuliza kama hii inaweza kuhesabiwa kama mafunzo kwa vitendo, jibu ni ndiyo mkikubaliana na idara kabla, kwa sababu tunatoa daftari la kazi la kila siku lenye saini ya fundi huyo.

Kenya wana mfumo ulio wazi zaidi kwa sola. Kanuni za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi kwa ngazi: T1 kwa mifumo midogo yenye betri moja, T2 na T3 kwa mikubwa zaidi, na leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati ya huko. Wenzetu wa huko wanaweza kumwanzisha kijana T1 na kumpandisha. Huku kwetu kijana mwenye nia tunamshauri aende VETA, chuo cha ufundi stadi, kozi fupi akatoke na cheti. Mazoezi ya kijijini yatamsaidia, lakini hayatoshi kumpa leseni.

Kuna hatari gani?

Kuanguka kwanza, umeme baadaye. Bati bichi la asubuhi lenye umande ni utelezi mtupu, na papi iliyoliwa na mchwa haionekani kwa nje. Tunakagua kenchi kwa ndani kabla mtu hajapanda.

Paneli haina swichi. Ikiwa juani ina umeme, basi. Funika kwa turubai au blanketi unapounganisha. Utaratibu wa kuunganisha kontrola ni betri kwanza, halafu paneli, halafu taa. Kufungua ni kinyume chake. Fyuzi ya betri inakaa karibu na kichwa cha chanya, si mwisho wa waya, na spana inayotumika hapo ifungwe mpira mpini wote. Spana ikigusa vichwa vyote viwili vya betri kwa pamoja inaweza kuyeyuka mkononi mwako. Pete na bangili zivuliwe.

Mtatufungia friji la chanjo?

Hapana. Chanjo zinahitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 wakati wote, na mafriji ya sola ya chanjo yana paneli zake na taratibu zake kupitia idara ya afya. Tukikuta friji hilo lipo, hatuchomeki hata taa kwenye mfumo wake.

Tunaweza kuangalia mpira?

Tulijua mtafika hapo. Tatizo ni siku ya Simba na Yanga. Watu wenye akili timamu, wengine wajumbe wa kamati ya afya, huhamisha betri ya zahanati kwenda kibandani na inveta ya kuazima (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi), na dakika ya 70 betri imekwisha, kibandani giza, zahanati giza. Kukataza hakusaidii. Tunachopendekeza ni kibanda cha kijiji chenye paneli na betri zake, kinachochaji simu mchana na kuonyesha mpira kwa kiingilio. Mfumo wa zahanati unafungwa kufuli, na funguo zinakaa kwa watu wawili, mmoja wao awe muuguzi.

Betri ikifa nani ananunua nyingine?

Kijiji. Kwa kibanda hicho hicho. Chukulia simu 10 kwa siku kwa shilingi 300, siku 26 kwa mwezi: ni shilingi 78,000. Toa posho ya mwenye zamu, kinachobaki kiwekwe kwenye akaunti au kwenye namba ya simu ya kikundi ambayo kutoa fedha kunahitaji watu zaidi ya mmoja, na kisomwe kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka. Si fedha nyingi, na hazitoshi kama mmeanza kuchangisha siku betri ilipokufa. Anzeni mwezi wa kwanza, wakati taa bado mpya na kila mtu anafurahi.

Vijiji visivyokubali hili kwenye muhtasari hatuendi, hata vifaa vikiwepo. Tumelaumiwa kwa msimamo huu. Bado tunaushikilia.

Vijana wanalipwa?

Wakati wa mafunzo wanapata chakula na nauli, pamoja na seti ya vifaa inayobaki kwao: mita, bisibisi, plaisi, kisu cha waya, grisi. Baada ya hapo zamu ya zahanati inalipwa posho na mfuko wa kijiji. Fedha yenyewe iko majumbani, kwa watu binafsi wanaotaka kufungiwa au kutengenezewa, na hiyo ni yao, hatuchukui kitu. Wanafunzi hawalipwi, wanachangia chakula chao na wanalala wanapopangiwa.

Mkishamfundisha si atakimbilia mjini?

Baadhi huondoka, na hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta maisha. Ndiyo maana hatufundishi mmoja. Ndiyo maana pia tunapendelea watu wenye mizizi pale: mama mwenye genge, kijana mwenye shamba lake, mtunza ghala la ushirika. Na kila anayejifunza mwaka huu anatakiwa kumfundisha mwingine mwaka ujao, mbele yetu, kwa maneno yake mwenyewe. Wengi huifundisha vizuri kuliko sisi, maana hawana maneno ya kitabu ya kujifichia.

Mimi nasoma sheria, au uhasibu, au ualimu. Nina nafasi?

Ndiyo, na mara nyingi nyinyi ndio mnaokosekana. Daftari la fedha na muhtasari wa mkutano vimeokoa mifumo mingi kuliko hesabu za volti.

Betri iliyokufa tuitupe wapi?

Usiitupe, na usimwage maji yake shambani wala karibu na kisima. Ni tindikali yenye risasi ndani. Isimame wima, isifunguliwe, iwekwe mbali na watoto, irudishwe kwa muuzaji unaponunua mpya; wengi hupunguza bei kwa hiyo. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao watakuja kuitaka. Usimpe anayeivunja pale pale uani.

Taa za zahanati zimezima na ninyi mmesharudi chuoni. Tumpigie nani?

Fundi wenu. Jina na namba ya simu vimeandikwa kwa rangi ndani ya mlango wa sanduku la betri, vya wawili, asipopatikana mmoja apigiwe wa pili. Yeye akikwama ndiye anayetupigia sisi, na tunamwomba awe na mambo manne mkononi kabla hajapiga: volti za betri asubuhi, volti za paneli mchana ikiwa haijaunganishwa, rangi ya taa inayowaka kwenye kontrola, na kilichochomekwa mara ya mwisho kabla ya giza. Hilo la mwisho ndilo gumu kulipata. Aulize kwa upole, na aanzie kwa aliyetazama mpira.